Maneno Yangu ya Mdahalo Yameingia Kwenye Mahari ya Dada

Admin, jina langu na la shule usiyaweke, maana Kibondo tunajuana. Nina miaka kumi na tano, msichana, niko kidato cha pili. Si mtu wa kuongea mbele za watu. Hapa naandika kwa sababu hamnioni.

Nililelewa na bibi kijijini Busunzu mpaka nilipomaliza darasa la saba, ndipo baba akanichukua nije kusoma kwake mjini. Kidato cha kwanza chote nilikaa kama mgeni. Nikijibu swali darasani, wavulana wa nyuma walirudia maneno yangu huku wakiyavuta kwa lafudhi ya Kiha, halafu mmoja anauliza, "Busunzu, umeme umefika au bado mnausikia redioni?" Darasa zima linacheka. Nikaacha kujibu. Nyumbani nako sikuwa na mtu. Dada yangu ni mkubwa sana kwangu, alikua na baba na mama, mimi nilikua na bibi, basi tukawa tunasalimiana tu.

Klabu ya mdahalo niliingia bila kupanga. Wanakutana maktaba kila Ijumaa, na mimi nilikuwa nimeshajificha mle na kitabu. Mwalimu mlezi hakunifukuza. Akasema, "Wewe unayesoma, mtafutie mwenzako hoja." Nikamwandikia, akasimama akaisema, wakagonga meza. Tangu hapo wakawa wananiita Wakili. Najua ni utani, lakini lilikuwa jina la kwanza pale shuleni ambalo nikiitwa nageuka bila kuogopa. Wananiwekea kiti. Nisipofika wanauliza niko wapi. Mtu ambaye amekuwa akiuliziwa kila siku haelewi ninachosema.

Kwenye klabu yetu hakuna anayejichagulia upande. Mwalimu anakunja vikaratasi, anavitia kwenye kofia, unachookota ndicho unachotetea. Siku ya wazazi, baba naye akiwepo, mada ilikuwa "Mahari ifutwe", tena kwa Kiswahili ili wazazi waelewe. Mimi niliokota kuunga mkono. Nilizisema hoja zangu moja moja mpaka nikafika ya mwisho. Nikasema, "Tunaambiwa mahari ni asante kwa wazazi. Kama ni asante, mbona tunabishania ukubwa wake? Nani kati yenu amewahi kukataa asante akasema ongeza?" Wazazi wakacheka, wakapiga makofi. Upande wetu ukashinda. Wale wavulana wa nyuma hawakunifuata kurudia maneno yangu siku ile.

Sikujua kwamba kati ya wazazi alikuwepo mshenga wa watu wa Kakonko wanaomchumbia dada. Ana mtoto pale shuleni.

Wiki iliyofuata wakaja kwa mazungumzo ya mahari. Mimi, mama na dada tulikuwa jikoni, tunasikia kila kitu. Baba mdogo ndiye msemaji wetu, akataja ng'ombe wanaotakiwa. Mshenga akasema taratibu, "Wazee wangu, sisi tumekuja na asante. Na humu ndani mna mtoto mwenye akili kabisa, alituuliza shuleni, nani amewahi kukataa asante akasema ongeza? Nikapiga makofi. Sasa leo nyie mnataka tuongeze." Wageni wakacheka. Baba mdogo akarudia idadi ile ile. Kikao kikavunjika, wakaondoka wakiwa bado wameshikilia kile kiasi kidogo walichokuja nacho.

Baba alikuja jikoni, hakupaza sauti. "Nimekusomesha uwe mshenga wa wageni?" Nikamweleza habari za kofia na vikaratasi. Akasema, "Karatasi ndiyo iliyopanda jukwaani? Mimi nilikuona wewe." Baba mdogo akadakia kwamba huko ndiko kunakoharibikia watoto, wanafundishwa kuwajibu wakubwa halafu wanapigiwa makofi.

Lakini aliyeniumiza ni dada. Nilimwambia nilikuwa nasema kwa ajili ya wasichana kama yeye. Akaniangalia kama ananidharau. "Nani alikutuma? Hao ng'ombe ndiyo heshima yangu nikifika kule. Siku wakinitukana nitasema baba yangu hakunitoa bure. Wewe umenishusha ili watu wako wa maktaba wakushangilie." Hadi leo hanisemeshi. Nikipakua chakula hakigusi, anasubiri kupakuliwa na mama.

Wageni wanarudi Jumapili. Baba ameamuru nipige magoti mbele yao niseme kwamba nililishwa maneno na mwalimu, kwamba siamini hata moja, na kwamba mahari ni haki ya wazazi. Nikikubali, nitaruhusiwa kwenda Kasulu na klabu kwenye mashindano ya shule. Nikikataa, klabu basi, na mahari ikishuka dada atajua nani wa kulaumu maisha yake yote. Mwalimu naye kaniambia, "Si kweli uliokota karatasi? Sema hivyo, yaishe."

Ni kweli niliokota. Ila nilipokuwa natafuta hoja nilizisoma moja moja nikiwa peke yangu, na niliporudi kukaa chini siku ile nilikuwa nimeshaziamini. Hilo sijamwambia mtu. Na mbaya zaidi, dada naye nikimsikiliza, namwona ana haki ya kunichukia.

Najua kwenye maoni wapo watakaonitukana, nimezoea. Naweza kuitetea mahari Jumapili mpaka yule mshenga akose pa kushika, hoja zote ninazo kichwani. Kinachonishinda ni kuapa kwamba ndicho kilicho moyoni mwangu. Nishaurini, nyie mlio wakubwa: nikishapiga magoti pale, nifungue mdomo niseme nini?