Kitako cha Debe la Mama

Jua la kijijini kwetu Misunkumilo likilipiga debe la mama, lilitoa harufu ya mafuta ya kula, ingawa mafuta yenyewe yalikwisha kabla sijazaliwa. Mama alilipata tupu dukani karibu na stesheni ya Mpanda, akalisugua kwa majivu mpaka likang'aa. Neno lenyewe, nilikuja kujua ukubwani, limetoka mbali kuliko sisi: lilivuka bahari pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi, likiwa jina la chombo cha bati tu. Kwetu likawa chombo, likawa kipimo, na miaka ile ya tisini, vyama vilipokuwa vingi, tukawaona watu wazima wakiwapigia debe wagombea. Kwangu mimi debe lilikuwa heshima ya mama. Majirani waliliazima kupimia mahindi yao, wakisema debe la Mama Tekla halidanganyi.

Msimu mmoja wa palizi, nikiwa na miaka tisa, alikuja Mama Kabula, Msukuma aliyehamia na mumewe na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Walikuwa hawajavuna hata gunzi. Wakapatana na mama kama ilivyokuwa desturi: Mama Kabula na bintiye watupalilie shamba siku nne, wapewe debe moja la mahindi. Wao wakiinamia majembe, mimi nililifudikiza debe uani nikacheza ngoma juu yake. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilitaka livume hasa. Kitako kikabonyea, kikatuna ndani ya debe kama kibuyu, kikala nafasi ya mahindi. Nikanyamaza, mjinga mimi.

Siku ya nne mama alipima bila kuchungulia, akajaza mpaka mahindi yakachongoka juu. Mama Kabula akamimina kwenye gunia lake, kisha akapitisha mkono ndani ya debe kukusanya punje za mwisho. Mkono ukasita. Akamtazama mama, akanitazama na mimi.

“Asante, mayu. Mungu akuzidishie,” akasema, akimwita mama kwa Kisukuma chao, akajitwika gunia.

Mchana ule niliuacha ugali sahanini. Nikamwambia mama yote. Hakunipiga, na heri angenipiga. Alikaa chini.

“Tekla, umenifanya mwizi kwa mtu aliyetoka kunilimia?”

Akajaza mahindi bakuli kubwa, akanitwika, akanituma kwao peke yangu.

“Mkono wangu ulijua,” Mama Kabula aliniambia, akiyapokea. “Lakini uso wa mama yako haukujua kitu. Sasa ningemwambia nini?” Akanirudishia konzi moja ya mahindi nikakaange. Nililia njia nzima, nimeyashika mkononi.

Mama alikigonga kitako kwa mchi kikanyooka, na majirani wakaendelea kuazima. Leo sokoni Mpanda kuna mizani, na namba zake sigombani nazo. Ila kabla ya kupimiwa, mimi hupapasa kitako cha chombo kwanza, kisha humtazama usoni anayenipimia.