Shada la Plastiki Makaburini

Mimi shule niliachia darasa la tatu, basi nitasema kama nilivyoona. Mzee yule Myahudi alikuwa na maduka makubwa hapa Durban, lakini kazi niliyomjua nayo ni kuomba michango kwa matajiri. Aliombea pesa hospitali, aliombea nyumba za wazee, na tangu 2009 aliiombea kreshi yetu ya Sydenham, tunapolea watoto wa wanawake wanaosuka nywele mjini.

Alinipeleka kwenye ofisi za matajiri wenzake. "Mama, sema unachotaka, halafu funga mdomo. Mwache yeye ahangaike." Mimi kunyamaza sijui. Alinikanyaga mguu chini ya meza mara nyingi, yule mzee, Mungu amlaze pema.

Alikufa wiki ile ile upepo uliporusha paa la kreshi. Watu wa manispaa walikwisha kusema: bila paa, Ijumaa tunafunga.

Akazikwa kesho yake. Kwetu Congo mkubwa akifa unafika na maua, tena makubwa. Wanawake tukachanga, tukanunua shada pana kama gurudumu la lori, la plastiki ili lidumu. Kufika makaburini, jeneza la mbao lisilo na pambo, hakuna hata ua moja, watu wanapokezana sepetu. Nikalificha shada nyuma yangu. Lakini kitu kama kile kinafichika?

Binti yake akanijia, macho mekundu.

"Mama, sisi hatuweki maua. Anayetaka kumheshimu Baba anatoa mchango kwa kazi aliyoipenda. Paa limefikia wapi?"

"Eish, binti yangu, leo ni siku ya kulia."

"Angekukasirikia! Matajiri wote wako hapa, na wewe umebeba plastiki."

Akanishika mkono mpaka kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwanaume mnene mwenye tai. Nikamwambia: "Nataka mabati na mbao kabla ya Ijumaa." Nikafunga mdomo.

Akatazama viatu vyake. Akakohoa. Mimi kimya, ulimi unaniwasha.

"Ni yeye aliyekufundisha hivi?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Alinitesa hivyo maisha yangu yote," akasema, anacheka huku machozi yanamtoka. "Lori litakuja Jumatano."

Lilikuja Alhamisi. Nikampigia simu nikamgombeza. Mafundi waligonga misumari hadi Ijumaa asubuhi, na watu wa manispaa walipoingia walikuta watoto wanakunywa uji. Wakatazama juu, wakaandika, wakaenda zao.