Chanjo ya Vifaranga wa Evarista

Kuku siwapendi, niseme mapema. Wananuka, wanachakura, na ukianika nguo wao ndio wa kwanza kuipitia. Kwa hiyo Evarista alipoleta vifaranga hamsini kwenye ua wa nyumba yetu ya Magomeni, nilimwambia mbele ya wapangaji wote kwamba ametuona wajinga. Alicheka tu, akaendelea kugongomea mbao za banda.

Evarista ni mwanamke wa Rombo, ana miaka arobaini na kitu. Kutwa yuko Kariakoo akiuza zipu na vifungo kwenye meza ya kaka yake, Polycarp. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani, na zipu zangu zote nanunua kwake. Siku moja aliniambia kinachomkera.

"Vio, mwaka wa kumi na mbili huu nauza vitu vya Polycarp. Nikifa leo, hakuna hata sindano ya kusema hii ilikuwa ya Eva."

Kuku ndio wangekuwa mali yake ya kwanza. Vifaranga wale hamsini wakafa wote. Walikuwa na wiki tatu, ugonjwa wa kideri ukawaingia, wakapinda shingo, wakaharisha kijani, na siku ya nne banda likawa tupu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa amewachanja. Alikwenda duka la dawa za mifugo kule Kariakoo akiwa amejiandaa kugombana. Muuzaji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza: hiyo chanjo uliichanganya na maji gani?

"Maji safi," akajibu Evarista. "Nayatia dawa. Ndiyo ninayokunywa mwenyewe."

Hapo muuzaji akamweleza kosa lake. Chanjo ile ni kijidudu hai, na dawa ya kusafisha maji inakiua palepale. Hata maji ya bomba yana dawa hiyo. Evarista ni mtu wa usafi kupita kiasi, anasugua mpaka vifuniko vya ndoo, na usafi wenyewe ndio uliomponza. Aliporudi aliingia bafuni akalia, akidhani hatumsikii. Bafu letu halina siri.

Mwenye nyumba, Mzee Ismail, akamwita uani.

"Mama, safari hii nimevumilia. Wakifa tena, banda navunja."

"Naomba mara moja tu, mzee wangu."

Akaleta wengine hamsini. Akaweka chungu cha mkaa katikati ya banda wapate joto, na kila asubuhi kabla ya kwenda mjini alibadilisha maranda ya chini. Akakinga maji ya mvua kwenye ndoo, akaandika kwa chaki: ISIGUSWE. Nilimwona mtu aliyeshika jambo kwa meno.

Siku ya saba akafunga safari ya kufuata chanjo. Kideri kilikuwa kimeshafika mtaa wa nyuma. Kabla ya kuondoka alitoa vyombo vyote vya maji bandani. Mimi nikadhani amesahau kuvirudisha.

Basi vifaranga wakaanza kulia. Vifaranga hamsini wenye kiu wanaweza kumtoa mtu akili. Nilishona mkono wa gauni nikaufumua mara mbili. Mwisho nikainuka, nikajaza vyombo maji ya bomba, nikawapa. Walikunywa mpaka wakasinzia, nami nikajiona mwema kweli.

Evarista akarudi na kichupa cha chanjo ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Akaosha vyombo kwa maji ya mvua, akaichanganya chanjo na maji hayo na kijiko cha maziwa ya unga ya kuilinda, akawatengea. Hakuna aliyesogea. Akachuchumaa akiwatazama, robo saa, nusu saa.

"Mbona hawanywi? Niliwanyima maji makusudi ili wainywe yote kwa mkupuo. Ikishachanganywa ina saa mbili tu."

Nikarudi kwenye cherehani. Naona aibu kulisema hili, lakini nilishona mpaka nusu saa nyingine ikapita. Halafu nikamwambia.

Nilingoja matusi, na nilikuwa nayastahili. Evarista aliinuka, akaimwaga chanjo yote shimoni, akaangalia saa ya simu.

"Duka linafungwa saa kumi na moja. Nitawahi. Toa vyombo. Watalia, waache walie. Ukiwapa tone moja, Vio, umenimaliza."

Akapanda bodaboda. Mimi nikahamisha kiti mpaka mlangoni pa banda, nikakaa. Walipoanza kulia niliziba masikio, nikazibua, nikawaambia wasubiri, mama yao anakuja. Ndiyo, niliwaambia hivyo, kuku.

Alirudi jasho likimtiririka. Safari hii vyombo vilipogusa tu ardhi, vifaranga walivivamia, wakapanda migongo ya wenzao. Mmoja mdogo alikuwa akisukumwa nyuma kila akikaribia. Evarista alimtia kiganjani, akamchovya mdomo.

"Kunywa, mama. Kunywa."

Wiki mbili baadaye kuku wa mtaa wa nyuma waliisha, wakafuata wa nyumba ya jirani, ukuta kwa ukuta na sisi. Mzee Ismail alisikia habari hizo. Akaja asubuhi na nyundo mkononi, Evarista bado hajaondoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimeambiwa kuku wa huku wamekwisha."

Evarista akafungua mlango wa banda. Wakatoka wakikimbizana, arobaini na tisa, maana mmoja alilaliwa na wenzake. Mzee akasimama akiwatazama wanavyomzunguka miguuni. Nikamngoja Evarista aanze kuomba, kama mara ile.

"Hawa wangu wote wazima, mzee," akasema. "Kwa kuwa umekuja na nyundo, pale juu kuna mbao imelegea. Nigongomelee."