Unatosha, Tajiri

Luciana alipima sukari katika duka la Ngeleja kwa miaka minane, na katika miaka hiyo yote sikumwona hata mara moja akirudisha sukari kwenye gunia. Alichota, akamimina, mizani ikatulia kwenye kilo. Wateja walipanda kutoka Muze, kule bondeni, wakamtafuta yeye tu, maana walijua hatawapunja. Ningependa kumsimulia kwa hayo nikaishia hapo. Lakini mimi ndiye niliyemharibia, kwa hiyo itabidi nijieleze na mimi.

Zilikuwa zama za ruksa, biashara ya watu binafsi ilipofunguliwa. Duka la serikali lilikuwa limefungwa, na sisi tuliokuwa tukilinda rafu zake tupu tukarudi majumbani. Ndipo Ngeleja akaja. Alikuwa Msukuma aliyehamia bonde la Rukwa na ng'ombe wake, akauza ng'ombe, akanunua lori, na kabla hatujalizoea jina lake alikuwa na duka la milango mitano hapa Sumbawanga, na mengine Namanyere na Mpanda. Alituajiri watu kumi na tisa. Sabuni, khanga, betri na baiskeli zikajaa hadi darini, mji mzima ukashangaa. Sisi tulishangaa pia, hadi mwisho wa mwezi. Mshahara wetu haukununua magunia mawili ya mahindi, na huku kwetu Ufipa mahindi si kitu cha kutafuta kwa tochi.

Mwishoni mwa mwaka 1993 Hellena, binti pekee wa Luciana, alichaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Baba yake alikuwa ameshuka Kirando kununua dagaa akapata mke hukohuko, kwa hiyo ada, godoro, sanduku na sare vyote vilikuwa juu ya mama.

"Tukiongezwa hata robo, kaka Beda," aliniambia, "Januari mtoto anakwenda."

Wenzetu nao walikuwa na shida zao. Tukakutana nyuma ya stoo, tukakubaliana mtu mmoja akaseme na tajiri, wakanichagua mimi. Nilisoma seminari miaka miwili kabla hawajanichoka, nina maneno laini, nina adabu. Hiyo adabu ndiyo iliyotuponza.

Mama yangu alitulea hivi, na mama yake Luciana vilevile: ukikaribishwa chakula, mara ya kwanza unasema umeshiba. Mwenyeji anakubembeleza. Mara ya pili ndipo unanawa. Anayenawa mara ya kwanza ni mlafi, na mwenyeji asiyekaribisha mara ya pili ni mchoyo. Nimekula kwa utaratibu huo tangu utoto na sijawahi kulala njaa.

Ngeleja alinipokea vizuri, akaniagizia soda. Alikuwa mtu wa moja kwa moja, hakujua kuzungushazungusha maneno.

"Beda, nasikia watu wananung'unika. Niambie ukweli. Mshahara unatosha au hautoshi?"

"Tunashukuru, tajiri," nikasema. "Unatosha."

Nikainamisha kichwa, nikisubiri anibembeleze. Maneno yote nilikuwa nayo tayari: kwamba duka linalofungua tawi kila mwaka haliwezi kushindwa na robo ya mshahara wa watu kumi na tisa, kwamba kuna mtoto amechaguliwa. Yeye akashusha pumzi.

"Vizuri. Nilikuwa tayari kuongeza kidogo, lakini kama unatosha, hizo pesa nitafungulia duka Laela."

Akanipa mkono. Soda yangu ilikuwa bado nusu. Ningeweza kufungua mdomo palepale, nikaona aibu kuonekana kigeugeu. Nje walikuwa wananisubiri, Luciana mbele, na kopo lake la kuchotea mkononi.

"Amesema atafikiria," nikawaambia.

Wiki mbili baadaye tajiri alinipa funguo za stoo na mshahara karibu mara mbili ya ule wa kwanza. Alisema anapenda mtu asiye na tamaa. Nilizipokea kwa mikono miwili, na safari hiyo sikukataa kwanza.

Januari ikapita, Hellena hakwenda. Luciana alivumilia hadi Machi, kisha akamwuliza tajiri mwenyewe, kwa heshima zote, amefikia wapi katika kufikiria kwake. Ngeleja akashangaa kweli.

"Si Beda aliniambia unatosha?"

Luciana akanifuata stoo. Nilitamani anitukane.

"Kaka Beda, ulikataa ile mara ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Yeye hakukuuliza tena."

"Hakuniuliza."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Hilo alilielewa, hata yeye angefanya hivyohivyo.

"Na wewe hukurudi," akasema.

Nilizitazama funguo. Akarudi kwenye mizani yake, maana kulikuwa na foleni. Tangu siku hiyo alinisalimia kila asubuhi kama zamani, bila kununa, na kila asubuhi nilijiona mwizi.

Nimejitetea mara nyingi. Nimesema biashara ina gharama, na barabara ya Tunduma inakula matairi. Ni kweli inakula. Lakini mwaka huo Ngeleja alifungua duka Laela, mwaka uliofuata akanunua lori la tatu, na sukari iliyolipia hayo ilipita mikononi mwa mwanamke ambaye binti yake alikuwa anachuma maharage kwenye mashamba ya watu. Duka kubwa haliishiwi uwezo wa kumlipa mtu wake, linakosa tu mtu wa kulisumbua. Mimi nilichaguliwa kulisumbua.

Mwaka 1998 kifua kilimshinda Luciana, akaacha kazi. Wakati huo nilikuwa meneja, naajiri mwenyewe, na tajiri alikuwa ameniachia hata kupanga mishahara. "Wewe unawajua watu wako," aliniambia.

Hellena akaja kuomba nafasi ya mama yake. Alikuwa amevaa sweta la mama yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikampa kopo. Akachota mara moja, akamimina, mizani ikatulia kwenye kilo. Nikamtajia mshahara, na kwa bei za mwaka huo ulikuwa uleule wa mama yake, magunia mawili hayafiki.

"Unatosha?" nikamwuliza.

Akainamisha kichwa. "Unatosha, baba."

Nilijua. Katika Sumbawanga nzima hakuna aliyejua kunishinda mimi. Alibaki ameinama vilevile, akisubiri, na mimi nikavuta daftari la wafanyakazi, nikaandika jina lake.