Nyumba ya Mingoyo na Minazi ya Bi Somoe

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya upimaji ardhi, nimepata nafasi katika kampuni ndogo ya wapima mjini Lindi, na nilidhani nitapewa meza. Mpima Mkuu, mwanamume mnene aliyependa kuongea huku akitafuna kashata, aliniangalia miguuni akasema, "Hivyo viatu unawapelekea watu wa Rutamba zawadi?" Kabla ya adhuhuri nilikuwa Rutamba, katikati ya shamba la mihogo, nimeshika fimbo yenye prizimu, yaani kioo kinachorudisha mwale wa chombo cha kupimia ili umbali usomeke.

Nawaandikia ninyi mnaosomea fani hii sasa, ambao mnaweza kupelekwa pwani hii ya kusini bila kuulizwa. Sijazeeka. Ila nimeiacha kazi ile, na nadhani anayeacha kazi ana haki ya kuikumbuka hata kama hana mvi.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwanza mnazunguka mpaka pamoja na mwenye ardhi na majirani wote wanaopakana naye. Kila kona wanayokubaliana mnazika bikoni, jiwe la zege lenye chuma katikati. Ndipo chombo kinasimamishwa juu ya miguu yake mitatu. Mimi nilitaka tuanze na chombo.

"Tukipima kwanza, watakuja kuisahihisha ramani," nilimwambia Mpima Mkuu.

"Watakuja na mapanga. Zunguka kwanza, msomi."

Nikazunguka. Baadaye nilihamishiwa Kinjumbi, kaskazini ya Kilwa, chini ya Msimamizi wa Kanda, mama mkimya ambaye kila nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Litunze hilo swali, tutalijadili jioni." Na kweli tulijadili. Mara nyingi tuliachana bila kukubaliana, na kesho yake alinipa kazi ngumu zaidi. Sijapata bosi mwingine wa namna hiyo.

Niliporudishwa Lindi nilikuwa na shida yangu mwenyewe. Tangu baba afariki, mama alikuwa anahamahama kwa watoto wake huko Kongwa na Dodoma, akilala chumba cha wajukuu, akipika kwenye jiko la mkwe. Nilitaka awe na mlango wake. Mjini bei zilinishinda. Wenzangu wengi walikuwa wakiishi Mingoyo, kijiji cha njia panda, ambapo barabara ya Mtwara na ile ya bara zinaachana. Asubuhi wanakwenda kazini mjini, jioni wanarudi kwenye migomba yao. Huko nikaonyeshwa nyumba ya Mzee Mkumba: tofali za kuchoma, bati zima, baraza pana, na uani minazi mitatu iliyonyooka. Mzee alikuwa anahamia kwa mwanawe. Tukapatana, nikampigia mama simu aanze kufungasha.

Siku ya kuzunguka mpaka walikuja majirani wa pande zote, na Mwenyekiti wa kijiji akiwa shahidi. Tulipofika uani tulimkuta mama mmoja amesimama karibu na minazi, kanga begani. Alikuwa Bi Somoe, dada wa muuzaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba umepata nzuri, Mungu aitie baraka. Ila minazi ni yangu."

Nilicheka. Hakucheka mtu mwingine.

Nikaelezwa. Baba yao alipogawa mali, kiwanja alimpa Mkumba, minazi akampa Somoe. Huku ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na miti iliyosimama juu yake ikawa ya mwingine, na kila mmoja akauza chake tu. Darasani nilifundishwa kwamba kilichopandwa hufuata ardhi.

"Mzee, mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Minazi ya Somoe kila mtu anaijua."

"Mimi siijui!"

"Si ndiyo maana tunazunguka?" akasema Mwenyekiti.

Nilikasirika. Akilini nilimwona mama yangu, mgeni, peke yake, na watu wanaingia uani kwake wapendavyo. Majirani walikuwa wamekataa kabisa kusaini mauziano yatakayoimeza minazi ile, na bila sahihi zao hakuna nyumba. Nikauliza kila kitu. Atakuja lini? Na nani? Je, nazi ikitoboa bati?

"Bati nitanunua," akasema Bi Somoe. "Na wewe ukinikatia mnazi, utanizalia mwingine?"

Hapo wakaangua kicheko. "Huyu ni mpima au wakili?" jirani mmoja akauliza.

"Mwacheni aulize," Bi Somoe akamkata. "Yule mfanyabiashara aliyekuja kununua kabla yake hakuuliza hata neno. Nikajua yule shoka analo tayari."

Nikaenda barazani nikampigia mama. Nilimweleza kwa hasira, nikitegemea naye akasirike.

"Huyo mama ana umri gani?" akauliza.

"Kama wako."

"Anakaa mbali?"

"Nyumba ya tatu."

"Sasa unangoja nini?"

Tukaandikiana kwamba minazi ni ya Bi Somoe, atakuja na mkwezi wake mchana baada ya kupiga hodi, na nazi itakayodondoka yenyewe ni ya mwenye nyumba. Majirani wote wakasaini, na mama akahamia.

Bado nina maswali. Nani atairithi minazi ile? Mahakama ingesema nini? Sijapata jibu la kuniridhisha, na sitawadanganya kwamba nimelipata. Lakini nimepima viwanja vingi vilivyouzwa kwa haraka mezani, na sijaona mauzo safi kama yale, ambayo kila mwenye neno alilisema akiwa amesimama juu ya kitu chenyewe, mnunuzi anasikia.

Mwaka huu nimepata nafasi ya kusoma zaidi Dodoma. Mpima Mkuu aliniaga kwa chai na kashata. "Yaani unastaafu kabla yangu?" Jioni nikamwambia mama nyumba tuiuze, turudi wote. Alikuwa kwenye kibao cha mbuzi, anakuna nazi, Bi Somoe pembeni anamwambia asikune mpaka kwenye kifuu.

"Turudi wapi?" mama akauliza.

"Nyumbani."

"Mimi nipo nyumbani," akasema. "Wewe ndiye unayesafiri."