Ufuo wa Mke Mwenzangu

Shule niliachia darasa la pili, lakini jina la mahali halijawahi kunitoka. Kwa hiyo watu wa ramani walipofika kwetu, huku upande wa Sindo, wakiuliza kila ufuo wa ziwa ulipataje jina lake, waliletwa kwangu. Bwana mmoja akaweka simu mezani inase sauti. Nikamwelezea mawe, ghuba, mahali pa kuteka maji, mpaka tukafika ufuo ulio chini ya boma letu.

Ufuo huo una jina la mke mwenzangu, yule mkubwa. Ndiye aliyeanza kutandaza nyavu kuukuu pale na kuanika omena, dagaa wa ziwani, juu yake, wasiingiwe na mchanga. Wanawake wengine tukamfuata, na mahali pakachukua jina lake. Alikufa zamani, na siku hizi watu hupaita ufuoni tu. Lakini jina lilipofika mdomoni nilikumbuka jinsi mume wetu alivyokuwa akiliita, nikalimeza. Nikasema ufuo ni wa mume wetu, eti ndiye aliyetia nanga hapo kwanza.

Baadaye walirudi na ramani, wakaitandaza shuleni tuikague kabla ya kuchapishwa. Binti wa mke mwenzangu, yeye huuza omena sokoni, akaisoma kwa sauti. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Mama mdogo," akaniambia, "si baba alikuwa anaogopa hata maji ya magoti? Na wewe husahaugi jina."

Nikasema ni uzee. Uongo huo wa pili ulikuwa mbaya kuliko ule wa kwanza, maana aliuamini. Akanishika mkono polepole, akanikalisha kitini, akawaomba watu wasinicheke.

Yule bwana akauliza kama kuna mwingine aliyekuwepo wakati ule. Hakuna, wenzangu wote tumeshawazika. Basi, akasema, pale atapaacha bila jina. Akaanza kuikunja ramani. Binti bado alikuwa amenishika mkono.

"Sijasahau," nikasema. "Mama yako nilimwonea wivu, na mpaka leo ninao."

Nikalitaja jina mbele ya watu wote, na jinsi lilivyopatikana. Yule bwana akaikunjua ramani, akafuta jina la mume wetu, akaandika hilo kwa kalamu. Binti akauachilia mkono wangu, akaenda upande ule mwingine wa meza, akasimama hapo akiangalia jina la mama yake. Hakunitazama tena, na mimi sikuthubutu kumwita.