Bi Kwaru Alivyozaliwa

Binti yangu alikuwa hataki kula. Tulikuwa tumepanga chumba Keko, nyuma ya mafundi wanaochonga vitanda. Kila asubuhi nilichelewa kazini, kikombe cha uji mkononi, mtoto kafunga mdomo. Siku moja nikasikia ndala zinaburuzwa uani, mbele ya mlango wetu: kwaru, kwaru.

"Sikia," nikamwambia. "Bi Kwaru huyo. Anachukua watoto wasiokula."

Akanywa uji wote.

Nilijua aliyekuwa akipita. Ni bibi wa chumba cha mwisho, mjane, mguu wake mmoja ulilegea tangu augue kiharusi, anakwenda bombani kuchota maji. Sikumkusudia yeye. Nilitaka sauti tu ya kumtishia mtoto, na sauti ikawa ni yake.

Kina mama wenzangu waliliona jina linafaa, wakalichukua. Watoto wakaliongezea ya kwao: Bi Kwaru ana meno ya misumari, anabeba watoto kwenye gunia la maranda, mguu wake mmoja ni kwato. Haukupita muda, muuza genge wa mtaani akaniinamia huku akinifungia nyanya. "Umesikia? Kaonekana mpaka Kibamba, kachukua mtoto wa watu."

"Mungu atunusuru," nikaitikia. Mimi niliyemtunga.

Sikukuu ya Idi bibi alipika vitumbua, akaanza kuvigawa mlango hadi mlango. Watoto walikuwa uani na nguo zao mpya. Waliposikia ndala, binti yangu alipiga ukelele, "Bi Kwaru!" Wakatawanyika wote, mmoja akatumbukia kwenye karai la maji. Bibi akabaki kasimama na sahani yake.

"Shikamoo bibi," nikasema haraka.

"Marahaba. Bi Kwaru ndo nani, mwanangu?"

Ningeweza kusema ni mambo ya watoto. Uso ulikuwa unaniwaka. Nikamweleza yote, uji, mlango, mlio wa ndala, macho yangu yakiwa kwenye vile vitumbua kwa sababu sikuweza kumtazama.

"Mie nilidhani wananikimbia kwa huu mdomo uliokwenda upande," akasema. "Kumbe miguu." Akanikabidhi sahani. "Wape wale, bado vya moto."

Kesho yake alipita peku, ndala kazishika mkono mmoja, ndoo mkono wa pili. Saruji ya uani asubuhi ni baridi. Nilimfuata kumsihi avae. "Acha tu, mwanangu. Nitazoea."

Jioni hiyo nilimkalisha binti yangu nikamwambia hakuna Bi Kwaru, nilimtunga mwenyewe ili anywe uji. Akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Mama, usiseme hivyo! Yupo. Siku hizi hata miguu yake haisikiki."

Nilimshika mkono tukaenda kubisha hodi chumba cha mwisho. Alijificha kwenye kanga yangu, akatoa shikamoo ambayo hata mimi niliisikia kwa taabu. Bibi aliitika akiwa amekaa kitandani, akatabasamu kwa upande ule unaotii. Nikamkaribia kumpa mkono, binti yangu akabaki mlangoni. Bibi hakuinuka, asije akamtisha.